Vijiko vya Mvinje

Jina lake halisi lilikuwa Vestvinge,
lakini wapakia mizigo wa KIA hawakuona sababu ya kujing'ata ulimi.
Walisema Mvinje, na Mvinje likabaki,
japo mkiani hapakuchorwa mti
bali bata wa buluu anayekimbia huku akitazama nyuma.

Ndege tatu tu.
Baba, Anaeli Mlay, karani wa tiketi,
ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, Moshi mjini,
alizijua kama mtu anavyojua ng'ombe wa zizini:
ile kuukuu iliyokohoa kabla ya kuwaka,
ile ya kukodi, ambayo kamwe hakuiita yetu,
na ile ya Jumanne.

Historia yake aliisimulia akimenya ndizi, vipande vipande:
kwamba waanzilishi ni ndugu wawili wa Denmaki, wauza samaki,
walioweka rehani nyumba ya shangazi bila kumwambia;
kwamba mwanzoni walipeleka watu Uhispania kuanika miili;
kwamba mdogo mtu aliuona mlima wetu
kwenye kopo la kahawa, jikoni, theluji ikianguka nje,
akasema: kumbe nako iko, twende.
"Hivyo ndivyo nilivyopata kazi," baba alisema,
"kwa kopo."

Misimu minne. Desemba hadi Machi,
Jumanne saa moja asubuhi, bata alishuka tambarare ya Hai.
Mwaka wa pili ng'ombe waliacha hata kuinua vichwa.
Watu mia na kumi na wawili, weupe kama unga wa muhogo,
viatu vipya vikilia sakafuni,
wakiuliza mlima uko wapi.
Baba alinyoosha kidole mawinguni.
"Huko nyuma."
Wakapiga picha mawingu.

Kisha Jumanne moja, anga tupu.
Teleksi ilikuwa imeandika usiku, mistari mitatu.
Neno moja baba alilitafuta kwenye kamusi
ingawa alikwishalielewa.
Kufilisika.
Kule kwao, tulikuja kusikia, mafuta yalipanda,
kaka mtu akachukua teksi kwenda anakokujua mwenyewe,
na shangazi alipata habari za nyumba yake kwa dalali.

Mia na kumi na wawili walikuwa hotelini, wamekalia mizigo.
Baba akawapanga foleni, maana hakujua awapangie nini kingine.
Akafungua ofisi siku kumi na saba zaidi,
tai shingoni, hana mshahara, hana kampuni,
akigonga mhuri wa tarehe kwenye karatasi
ili waone kuna mtu anafanya jambo.
Bibi mmoja mwenye plasta mguuni tulimleta nyumbani Kibosho.
Alikula kiburu, akalia, akaomba tena.
Mama hakujua analilia kwao au pilipili.

Malipo ya mwisho baba alijilipa mwenyewe:
katoni ya vijiko kutoka stoo ya chakula cha ndege,
kila mpini una bata.
Tulivinywea mtori miaka yote ya shule.
Mgeni akisema, kumbe mna vijiko vya fedha,
mama alimwongezea chai.

Na ile ya Jumanne?
Wapo wasemao iliuzwa, ikapakwa rangi nyingine,
inabeba maua nchi za watu.
Wengine: ilikatwakatwa, mbawa zikawa masufuria.
Baba aliamini ya masufuria.
Aliyapenda zaidi.

Tulipomzika, vuli ya mwaka juzi, tope hadi vifundoni,
tuliazima vyombo mtaa mzima,
na jioni tukavitenganisha:
vya Mama Ndeonansia, vya kanisa, vyetu.
Vya bata vilikuwa tisa.
Asubuhi vilikuwa kumi na kimoja.
Sikuuliza mtu.
Wiki mbili baadaye nilikiona kimoja
kwenye kibanda cha chai, njia panda ya KIA,
kinakoroga sukari ya dereva nisiyemjua.
Nililipa chai yangu kwa chenji kamili,
nikavuka barabara.